Sobremesa ya Pascalia

Wifi yangu Pascalia Khalayi alijua neno moja tu la Kispanyola, na alilitumia vizuri kuliko mimi nilivyowahi kutumia Kiingereza changu chote. Watu wakinisikia nikisema hivyo husema natia chumvi. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, kipimo cha chumvi nakijua. Nilikuwepo. Tena, nikisema kweli, nilikuwa upande usiofaa, na hiyo pia nitaieleza ingawa bado inaniuma.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na akicheka alijiziba mdomo kwa ncha ya leso kama anayeficha kitu alichoiba. Kaka yangu, Cornelius Andati, alimwoa kutoka Khayega akamleta kwetu Mayoni. Mimi Musimbi nilikuwa nimerudi nyumbani na sanduku langu moja baada ya ndoa ambayo sitaki kuulizwa, nikajengewa chumba kando ya jiko lao. Kwa hiyo nilisikia karibu kila kitu, na nisichokisikia nilikiuliza.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, na miwa ilikuwa imetuingia akilini. Watu waling'oa migomba, wakang'oa mihogo, wakapanda miwa mpaka ukutani. Ukifungua dirisha, jani la muwa linaingia kukusalimu. Unga tulinunua, maharagwe tukanunua, hata mboga tukaanza kununua sokoni kama watu wa mjini. Andati alikuwa nyapara wa wakata miwa, na mashamba yake yote yalikuwa ya kijani kile kimoja. Kilichobaki kilikuwa kipande cha nusu ekari nyuma ya jiko. Hapo ndipo Pascalia alipolima mboga za mrenda na saga, maharagwe, viazi vitamu na mashina manne ya ndizi. Alikipenda kile kipande. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Asubuhi alikwenda kupika katika nyumba ya wageni wa kiwanda cha sukari. Mwaka ule alimpikia mzee mmoja wa kutoka Peru, nchi ambayo ilibidi nimwonyeshe kwenye ramani ya darasani. Aliitwa Bwana Anselmo, na kazi yake ilikuwa kuchemsha sukari na kujua dakika ya kuitoa motoni. Alikuwa amefiwa na mke, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

Siku ya kwanza, alipomaliza kula, Pascalia alikwenda kuondoa vyombo. Mzee akaweka kiganja juu ya sahani.

"Bado, mama. Kaa."

Pascalia akadhani chakula kimemchukiza. "Kuna makosa, Bwana?"

"Makosa hapana. Chakula nzuri. Kaa, sema. Nyumbani kwako iko nini?"

Hakukaa. Mpishi kukaa na mgeni mezani ni kujitafutia kufutwa kazi. Alisimama mlangoni siku tatu, na siku zote tatu mzee alibaki na sahani yake chafu akiongea na mlango. Siku ya nne wifi yangu akamwonea huruma, akakaa kwenye ncha ya kiti. Ndipo mzee alipomfundisha lile neno. *Sobremesa*. Sobre ni juu, mesa ni meza. Pascalia akacheka: hata kwenu ni meza! Mzee akamwambia ni ule wakati watu wameshakula, wameshiba, sahani bado ziko, na hakuna anayeinuka. Hapo ndipo watu huongea maneno yao ya kweli, alisema, kwa sababu njaa imeshanyamaza. Dada yake alimtaja mchumba wake kwenye sobremesa. Baba yake aliuza nyumbu kwenye sobremesa, akajuta kwenye nyingine. Mtu akitaka kusema siku ilikuwa njema, husema sobremesa ilikuwa ndefu. Bibi yake mzaa mama aliliita hivyohivyo lile shuka la kutandika mezani, na kuna wanaoita hivyo tunda au kitu kitamu cha mwisho wa chakula.

Pascalia alikuja na neno hilo mpaka mlangoni kwangu akiwa hajatua hata kikapu.

"Dada Musimbi, kumbe iko na jina!"

"Nini?"

"Ile kitu hatunanga hapa."

Nilicheka. Lakini alikuwa amesema kweli, hatukuwa nayo. Kwetu mwanamume alikula sebuleni na wanawake walikula jikoni. Pascalia alimpelekea mumewe obusuma, yaani ugali, na mboga, akammiminia maji ya kunawa, akarudi kwa watoto. Baada ya muda sauti inatoka sebuleni: "Maji!" Anakwenda na birika na karai, anamnawisha, na kabla hajamwaga yale maji machafu nje, kengele ya baiskeli yake imeshalia barabarani, anakwenda sokoni. Andati hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe, hakulewa. Alikuwa tu mtu wa kula na kuinuka. Akirudi kutoka sokoni amechoka, analala. Alfajiri anafuata lori la wakataji. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa, wifi yangu alikuwa amekiona kisogo cha mumewe zaidi kuliko uso.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Jumamosi moja, Pascalia akiwa kazini, Andati alikuja na wakataji wawili kupima kile kipande cha nyuma ya jiko. Alihitajika mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba. Nikaishika. Nilikuwa mwalimu, nilipenda maendeleo, nikasimama katikati ya maharagwe ya wifi yangu nimeshika kamba, nao wakapigilia vigingi. Trekta lingekuja Alhamisi.

Alirudi saa tisa akaviona. Hakupiga kelele. Aliinama, akashika kigingi kimoja, akakitikisa kuona kama kimeingia sana.

"Nani alipanda hizi miti?"

"Trekta linakuja Alhamisi, Mama Shikanga," nikamwambia. Shikanga ni kifungua mimba wao. "Kila mtu amelima mpaka mlangoni. Ni maendeleo."

"Mimi niliulizwa?"

"Ungeulizwa ungesema nini?"

"Hiyo ndiyo ingejulikana kama ningeulizwa."

Basi nikamkasirikia. Hiyo ndiyo tabia yangu.

Angeweza kwenda kumshtaki kwa wazee wa ukoo, lakini kwake hiyo ilikuwa kumvua mumewe nguo hadharani. Angeweza kumpigia kelele akiwa juu ya baiskeli, na majirani wangepata la kusimulia. Hakutaka. Alitaka Andati akae chini, amtazame, amsikilize kabla ya Alhamisi. Akishasikia na bado akalima, basi, alime. Lakini asikie. Zilikuwa zimebaki siku nne, na silaha yake ilikuwa neno la mzee wa Peru.

Jumapili, baada ya kanisa, alitoa sandukuni kitambaa cha kufuma alichopewa siku ya harusi, akakitandika juu ya meza ya sebuleni. Akachinja ingokho, kuku wa kienyeji. Imondo, ile firigisi ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba peke yake, akaiweka juu kabisa ya bakuli. Andati alishangaa.

"Leo ni Krismasi?"

Alikula mpaka mifupa ikang'aa. Akasifu. "Maji!" Akanawa. Kengele ikalia barabarani. Kwenye kitambaa cha harusi palibaki doa la mchuzi la ukubwa wa kiganja.

Jumatatu alijaribu ile maana nyingine. Alimpelekea ndizi mbivu baada ya chakula, kutoka kwenye yale mashina manne yaliyokuwa yamehukumiwa. Andati alimenya ya kwanza akiwa amesimama, ya pili akaitia mfuko wa shati, akapanda baiskeli. Mimi niliyeyaona hayo nikiwa mlangoni kwangu nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Neno lako limekimbia na baiskeli!" nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa anapangusa macho, na hayakuwa macho ya moshi. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kunisuta, ingawa sikumwambia.

Jumanne, huko kazini, alimtazama Bwana Anselmo kwa makini alivyokula. Mzee alitumia uma. Mikono yake ilikuwa mikavu tangu mwanzo hadi mwisho, angeweza kuinuka dakika yoyote, na bado alikaa. Pascalia akawaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Jioni ile aliniambia alichowaza, na sijakisahau: "Yule anakaa kwa sababu anataka. Wangu itabidi akae kwanza, kutaka kuje nyuma."

Alipofika nyumbani hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kati ya vigingi akachuma mrenda, kikapu tele. Akaupika kwa chumvi ya majivu, kama apikavyo mtu anayejua, ukavutika kutoka kwenye mwiko bila kukatika. Aliyewahi kula mrenda kwa mkono anajua. Ukimaliza, hicho kiganja si chako. Huwezi kuvaa kofia, huwezi kushika baiskeli, huwezi kumpa mtu mkono. Unakiinua hewani na kungoja maji.

Saa kumi na nusu nilikuwa jikoni na watoto, nikasikia, "Maji!"

Pascalia hakutikisika. Birika lilikuwa hapo karibu na mguu wake, limejaa.

"Mama Shikanga! Hiyo maji iko wapi?"

Akainuka. Akaenda sebuleni mikono mitupu, na kupitia mlango uliokuwa wazi nikamwona akivuta kiti, akakaa mbele ya mumewe. Sikuwahi kumwona amekaa kwenye kile kiti.

"Inakuja," akasema.

"Inatokanga wapi, mto Nzoia?"

"Inakuja, Baba Shikanga. Ngojea kidogo."

"Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana."

Mnaweza kuuliza kwa nini asiende mwenyewe kuyachota. Miaka ile, mwanamume wa heshima na mkono unaodondoka mrenda, aingie jikoni kwa mkewe kupekua mabirika mbele ya dada yake? Labda nyumba iwe inaungua. Andati akabaki ameinua mkono juu ya sahani, amenuna. Muda ukapita. Jogoo akaingia, akatazama, akatoka. Na kwa kuwa mtu hawezi kununa peke yake muda mrefu wakati mwenzake anamtazama bila hasira, kaka yangu akaanza kuongea.

Alianza kwa sauti ya chini. Asubuhi ile Barasa, mkataji wake mzuri kuliko wote, alikuwa amejikata mguu kwa panga. Andati alivua shati lake akaufunga ule mguu, akambeba mgongoni kutoka katikati ya miwa mpaka barabarani. Damu ilimwingia viatuni. Mimi nilimwona akirudi nyumbani na fulana, sikumuuliza shati liko wapi. Hakuna aliyemuuliza.

"Mpaka saa hizi mkono inatetemeka," alisema. "Ona."

Na kweli ulikuwa unatetemeka, huku mrenda ukikauka kwenye vidole. Pascalia alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akaleta maji, yalikuwa ya moto, akamnawisha taratibu zaidi ya siku zote. Kengele ya baiskeli ililia, ndiyo, lakini kwa kuchelewa.

Nilimkamata mlangoni. "Umemwambia habari ya shamba?"

"Hapana. Alikuwa anaongea."

"Na Alhamisi?"

"Kesho iko."

Nilitamani kumfinya. Siku moja imebaki, naye ameitumia kusikiliza habari za mguu wa Barasa! Usiku huo nilifikiria sana, lakini niliyoyafikiria hayana maana hapa.

Jumatano akapika mrenda tena. Andati akautazama, akamtazama mkewe, akasema, "Tena?" kisha akala. Jikoni sote tukakaza masikio. Tulisubiri ile sauti. Haikuja. Kaka yangu hakuita maji.

Pascalia alikwenda akakaa kwenye kile kiti.

"Najua maji haiko karibu," Andati akasema.

Wifi yangu akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

"Sema basi. Ni hiyo shamba, si ndiyo?"

Akasema. Sikujua kama ana sauti ile, tulivu, isiyoomba. "Siku ulinileta hapa kutoka Khayega, mama yako alinichukua mkono akanipeleka huko nyuma. Akanipatia jembe. Akaniambia, hapa ni pako, watoto wakilia usikuwe mtu wa kuzunguka kwa majirani na sufuria. Mimi sikatai miwa. Kiwanda inatulisha, mimi mwenyewe napikanga huko. Lakini nitoke kazi nikute vijiti kwa maharagwe yangu, kama mtu ameshakufa na ni mimi tu sijaambiwa? Ungeniuliza. Hata ungekataa, lakini ungeniuliza, Baba Shikanga."

Mama yetu alikuwa amefariki miaka mitano. Mimi ni bintiye wa pekee, na hilo la jembe sikuwahi kuambiwa. Niliketi pale jikoni nikakumbuka kamba ile mkononi mwangu, nikalia waziwazi, watoto wakanitazama.

"Mimi ni nyapara," Andati akasema. "Huko soko wanasemanga, nyapara gani huyu anapanda mrenda?"

"Na huo mrenda umekula siku mbili."

Akautazama mkono wake. Akacheka, kicheko kifupi cha puani, kama mtu aliyekamatwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. "Lete maji," alisema tu.

Akaletewa, akanawa, Pascalia akamwaga maji uani. Mimi nikangoja kengele. Nikangoja. Nikachungulia. Mikono ya kaka yangu ilikuwa safi, imekauka, baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta palepale, na yeye alikuwa bado amekaa. Pascalia aliporudi na karai tupu akasimama mlangoni, hajui aingie au arudi jikoni.

"Kaa," Andati akamwambia. "Hukunimalizia. Mama alisema nini tena?"

Alhamisi asubuhi trekta lilikuja. Dereva wake alikuwa Kipsang, mtu wa haraka asiyependa maneno mengi. Andati alikuwa ametangulia, anang'oa vigingi kimoja kimoja na kuvikusanya kwapani.

"Geuza," akamwambia.

"Karatasi inasema tulime mpaka jikoni," Kipsang akajibu.

"Karatasi haijaoa."

Kipsang alitukana kwa Kikalenjin, akageuza. Sokoni walicheka mwezi mzima. Walimwita Nyapara wa Mrenda, na jina hilo halikumtoka tena. Vile vigingi alinitupia mimi mlangoni. "Chukua kuni," alisema. "Si ulishika kamba?"

Bwana Anselmo aliposimuliwa alicheka mpaka akavua miwani. Alisema huko kwao kote hakuna aliyewahi kufikiria kuficha maji. Mkataba wake ulipoisha alirudi Peru. Neno alituachia, nasi tukalitumia tupendavyo. Watoto wakaligeuza kitenzi: "Baba na mama wanasobremesa, usiingie." Shikanga alipokuwa na jambo zito, alisema, "Mama, leo nataka sobremesa," naye akajua apike mrenda. Hata kwenye mazungumzo ya mahari ya binti yao, wageni walipoanza kuvutana, Andati aliinua mkono wake mchafu akasema, "Hapa hakuna kunawa mpaka tuelewane."

Mwaka juzi kiharusi kilimpiga Pascalia. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua na maneno. Ana sauti mbili tatu tu, na macho yake.

Nilikwenda kuwaona mwezi uliopita. Kile kipande bado kipo, binti yao anakilima. Tulikula sebuleni sote, siku hizi hakuna mambo ya jikoni na sebuleni. Andati, mzee wa miaka themanini na kitu, alimlisha mkewe obusuma na mrenda kwa mkono wake, tonge moja lake, tonge moja la mkewe, hadi sahani ikaisha. Mimi sijaacha haraka zangu. Niliona mikono ya mzee imejaa mrenda, na kidevu cha Pascalia pia, nikainuka kuchukua birika.

"Musimbi, wacha maji," kaka yangu akasema.

"Mnakauka, Andati. Niwanawishe."

Hakunitazama mimi. Alikuwa amegeuza kiti, anamtazama mkewe usoni, na Pascalia alikuwa anamtazama yeye, kimya.

"Kaa kwanza," akasema. "Hajamaliza kuongea."

Nikaweka birika chini, nikakaa.